Mahali pa Kupanda Iliki

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mmea ambao tunda lake mnalijua sana, kwa kuwa ni nadra kuona karamu ya pilau wala birika la chai ya maziwa ambamo halikutiwa. Lakini mmea wenyewe wengi wenu, hasa ninyi mkaao pwani, hamjapata kuuona. Mmea huo ni iliki. Sitasema leo habari za kuichuma, wala kuikausha, wala kuiuza. Hayo yana siku yake. Nitasema jambo moja tu litanguliao yote, yaani kuchagua mahali na udongo. Mkulima akikosea katika kupalilia, aweza kupalilia tena juma lijalo. Akikosea katika kuchagua mahali, hatalijua kosa lake mpaka mwaka wa tatu, wakati ambapo jirani yake achuma, naye angali akitazama majani matupu.

Nasema haya kwa kuwa nimeyaonja. Nilipoanza kulima iliki nilikuwa na mahali pawili pa kuchagua. Pamoja palikuwa bondeni, karibu na kijito, penye udongo mweusi laini usio na jiwe hata moja. Pa pili palikuwa juu ya mteremko, chini ya miti, penye udongo mwekundu uliofunikwa na majani makavu, na njia ya kufika huko yachosha magoti. Nilikuwa nimesikia watu wakisema kwamba iliki yapenda maji, basi nikachagua bondeni. Nilipanda machipukizi mia mbili. Mwaka wa kwanza yalistawi hata watu wakanisifu. Masika ya mwaka wa pili maji yalijaa bondeni yakasimama siku nyingi, si juu ya ardhi, bali ndani yake, nisiweze kuyaona. Majani yakaanza kuwa manjano. Nikadhani ni njaa, nikatia samadi. Siku moja nikashika shina nikalivuta kidogo, likaja mkononi lote, limeoza, lanuka vibaya. Katika mia mbili nikabakiwa na kumi na moja, na yote kumi na moja yalikuwa katika kiinuko kidogo pembeni, kisichopita urefu wa goti. Hayo kumi na moja ndiyo yaliyonifundisha kwamba iliki hupenda maji yapitayo, na huchukia maji yakaayo.

Sasa yafaa tuijue tabia ya mmea wenyewe. Iliki ni ndugu yake tangawizi na manjano. Asili yake ni misitu ya milima ya kusini ya Bara Hindi, na katika upande wa Kerala iko milima ambayo hata leo huitwa Milima ya Iliki. Huko huota yenyewe chini ya miti mirefu, katika ukungu na mvua ya miezi mingi, juu ya udongo uliofanyizwa na majani yaliyooza miaka kwa miaka. Mtu akikumbuka hayo tu, nusu ya hotuba yangu ameishika. Shina lake la kweli limo ardhini, latambaa kidogo kidogo, nalo hutoa machipukizi marefu yenye majani kama mikuki, futi 6 hata 12 kwenda juu. Maua hayatokei huko juu penye majani. Hutokea chini kabisa, shinani, katika vikonyo virefu vilalavyo juu ya ardhi. Na mizizi yake ni mingi na myembamba, nayo karibu yote imo katika udongo wa juu, haishuki sana. Likumbukeni hili la mizizi, kwa maana nitalirudia.

Tuanze na urefu wa mahali. Iliki hustawi zaidi katika milima iliyo kati ya futi 2,000 na 4,000 hivi juu ya bahari, penye mvua isiyopungua inchi 60 kwa mwaka, tena mvua iliyogawanyika, isiyonyesha yote kwa pamoja na kuacha kiangazi cha miezi mingi. Katika Tanzania mahali pa namna hii ni Usambara ya Mashariki, na milima ya Uluguru na Nguru. Amani, ambako Wadachi waliweka nyumba ya utafiti wa mimea mwaka 1902, ni kama futi 3,000 juu ya bahari, na mvua yake ni karibu inchi 75. Mtu akivuka kwenda upande wa magharibi, upande wa Lushoto, ataona mvua inapungua, kwa sababu mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hugonga kwanza milima ya mashariki na kumwaga maji yake hapo. Basi ndugu yangu wa Pangani au Bagamoyo, kama ulikuwa umekusudia kupanda iliki nyuma ya nyumba yako, usijitaabishe. Panda minazi, na iliki ununue.

Hata katika mlima mmoja pande zote si sawa. Mteremko utazamao mashariki hupata jua la asubuhi, ambalo ni la upole, na umande wake hukauka taratibu. Mteremko utazamao magharibi hupata jua la alasiri, ambalo huja wakati ardhi imekwisha pata moto, na majani ya iliki huungua ncha. Tena tazameni upepo. Majani ya iliki ni marefu na laini; mahali penye upepo mkali, kama juu ya mgongo wa mlima au katika mwanya baina ya vilima viwili, huchanwa kama nguo kuukuu. Pahali pazuri ni ubavuni mwa mlima, si kileleni wala si bondeni kabisa.

Sasa kivuli. Hapa ndipo wengi wakoseapo, na hukosea kwa njia mbili zilizo kinyume. Mmoja husikia kwamba iliki ni mmea wa kivuli, basi huipanda mahali peusi ambapo jua haliingii hata mchana. Mimea yake hurefuka, majani huwa ya kijani iliyokolea, yapendeza kwa macho, lakini maua ni machache. Mwingine huona mashina yake hayazai, hukasirika, huchukua shoka na kuangusha miti yote; na kiangazi kikija majani hugeuka rangi ya manjano, kisha kahawia, kisha shamba hufa. Iliki yataka nusu ya jua na nusu ya kivuli. Wataalamu wana vyombo vya kupimia mwanga, lakini mkulima ana macho. Nenda shambani saa sita ya mchana, siku isiyo na mawingu, utazame chini. Ukiona ardhi ina madoa ya jua na madoa ya kivuli yaliyochanganyika, na yote mawili yako karibu sawasawa, nayo yakienda huku na huku upepo uvumapo, mahali hapo pafaa. Ukiona kivuli kitupu, pana giza mno. Ukiona jua tupu na vivuli vichache vya magogo, pa wazi mno.

Fanya hivyo mara mbili, mara moja wakati wa mvua na mara moja mwezi wa Februari, kwa kuwa iko miti ipukutishayo majani katika kiangazi, yaani wakati ule ule ambapo iliki yahitaji kufunikwa. Mti wa namna hiyo ni kama mwavuli ufungwao jua likiwaka. Tena chagueni miti yenye matawi yaliyo juu sana, ili hewa ipite chini yake, na yenye mizizi iendayo chini, isiyogombana na mizizi ya iliki kule juu. Mshai wa Usambara ni mzuri, kwa kuwa majani yake ni madogo na hupitisha mwanga kama chekecheke. Mgrivelea pia wafaa, na huvumilia kukatwa matawi. Mfenesi hufaa ukipunguzwa. Mkaratusi haufai hata kidogo; hunywa maji ya jirani zake wote. Kabla ya masika kuanza punguzeni matawi, maana wakati wa mawingu na mvua mwanga ni mchache. Kiangazi kikikaribia yaacheni.

Iko mimea mingi ya kivuli katika milima yetu, na mmoja wao umekwenda mbali sana. Mwaka 1892 Mdachi aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya huko Tanga, aliona katika Usambara ua dogo la rangi ya urujuani limeota katika miamba yenye kivuli, akapeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Leo ua hilo limo katika vyungu madirishani mwa nyumba zisizo na hesabu Ulaya na Marekani, na watu wa huko hujifunza kuliondoa penye jua kali na kutolijaza maji, ingawa wengi wao hawajui kwamba wanayafuata mazoea ya jabali la Usambara.

Turudi kwetu. Baada ya kivuli ni udongo, na udongo haujulikani kwa kuutazama juu. Yapasa kuchimba. Chukua jembe, chimba shimo la futi 2 kwenda chini, ukuta wake mmoja uwe wima na safi, kisha ukae uutazame. Juu kabisa utaona majani makavu. Chini yake majani yaliyoanza kuoza. Kisha udongo mweusi au wa kahawia. Kisha udongo mwekundu au wa manjano uendao chini. Pima kwa vidole unene wa ile sehemu nyeusi. Ikiwa haifiki upana wa vidole vinne, mahali hapo ni maskini, hata miti yake iwe mirefu namna gani. Ikifika urefu wa shibiri ni mahali pazuri. Nimeona wakulima wenye akili wakitembea na kijiti kilichotiwa alama, wakichimba mashimo matano au sita katika shamba moja kabla ya kukata neno, kwa kuwa udongo hubadilika katika hatua ishirini.

Kisha chukua konzi ya udongo huo mweusi, wenye unyevu kidogo, uufinye mkononi, halafu ufungue mkono. Ukibaki donge gumu lenye alama za vidole kama udongo wa mfinyanzi, una kinamo kingi, nao utashika maji. Ukimwagika wote mara moja, ni mchanga, nao hautashika kitu. Ukikaa donge, lakini ukiligusa kwa kidole likavunjika vipande vipande, huo ndio. Unuse: udongo mzuri wanuka kama msitu baada ya mvua, uliokosa hewa hunuka kama maji ya mtungi uliosahauliwa. Tafuta nyungunyungu; wakiwapo, wamekwisha kukufanyia kazi nusu. Mimi pia hutazama magugu. Nikiona mahali pameota ule mmea wa porini wa jamaa ya tangawizi, ambao watoto hula matunda yake mekundu yenye uchachu, hufurahi, maana aliyemweka hapo hatamkataa ndugu yake.

La mwisho katika kupima, na kwangu mimi ndilo kubwa, ni maji. Mimina debe moja la maji katika shimo lako, uyaache yaingie ardhini, kisha mimina la pili. Nenda ukale chakula cha mchana. Ukirudi ukakuta maji yamekwisha, vema. Ukikuta yangaliko na kesho yake asubuhi yangaliko, funika shimo uende zako, wala usijidanganye kwamba utachimba mifereji. Debe mbili za maji zingeniokolea machipukizi mia moja na themanini na tisa.

Watu wengine huuliza habari za uchachu wa udongo. Wataalamu huupima kwa hesabu, na iliki hupenda kati ya 5 na 6 na nusu, yaani uchachu kidogo, kama udongo wa msituni ulivyo kwa kawaida. Mkulima asiye na kipimo hana haja ya kuhangaika, ila asichome moto mahali atakapopanda. Moto huteketeza yale majani yaliyooza, ambayo ndiyo ghala ya chakula, ukaacha majivu. Mimea hunawiri mwaka mmoja kwa majivu hayo, kisha mvua huyachukua yote, na mwenye shamba huona ajabu.

Hapa nafika penye neno zito, na wanafunzi nawaomba mlisikilize vizuri. Udongo mwekundu wa Usambara ya Mashariki ni wa kale sana, umeoshwa na mvua za miaka elfu nyingi, na chini ya ile sehemu nyeusi umebaki na chakula kidogo mno. Utajiri wote wa msitu ule umo katika miti yenyewe na katika majani yaangukayo na kuoza. Sasa, katika nusu ya pili ya karne ya 20 iliki ilienea sana katika milima hiyo, na desturi ya watu wengi ilikuwa kuingia msituni, kufyeka miti midogo na vichaka, kuiacha miti mirefu iwe kivuli, na kupanda chini yake. Mavuno ya miaka ya kwanza yalikuwa mazuri, nayo yalijenga nyumba za bati na kulipa karo za watoto. Siwalaumu wazee waliofanya hivyo. Walitazama mmea wapenda nini, wakaupeleka penye hicho. Lakini kila mwaka miche michanga ya miti iling'olewa pamoja na magugu, hata pasiwe na mti wa kushika mahali pa wazee wake. Mti mkubwa ulipoanguka, jua liliingia. Baada ya miaka minane au kumi iliki ilipungua kuzaa, pakapandwa mihogo au ndizi, na mwenyewe akasogea mbele kukata sehemu nyingine.

Misitu hiyo ndiyo ishikayo maji ya mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo yanywewayo mjini Tanga. Mwaka 1997 msitu wa Amani ulifanywa hifadhi, na kupanda iliki ndani yake kukakatazwa. Katika miaka ya 2000 wakulima waliokuwa na iliki katika msitu wa Derema walitolewa. Walilipwa fidia kwa mimea yao, nao wako waliosema kwamba haikuwatosha, na mtu aliyepoteza shamba la miaka ishirini si rahisi kumwambia kwamba imemtosha. Kwa hiyo nikisema chagueni mahali penye miti, sina maana ya kwamba mwingie msituni. Mahali pa kuchagua ni penu wenyewe, nje ya mpaka, hata kama leo hapana kivuli. Kivuli chaweza kupandwa.

Kazi hiyo yataka subira ya mwaka mmoja au miwili. Pandeni kwanza migrivelea au mishai, na katikati yake migomba, kwa maana mgomba hukua upesi na kutoa kivuli cha kuanzia, nao walisha watu wakati wa kungoja. Majani na magome ya migomba iliyokatwa yatandazwe juu ya ardhi, pamoja na majani yo yote mpatayo, na samadi iliyokwisha kuoza. Miti ya kivuli ikisimama vizuri, migomba ipunguzwe. Wako wakulima huko Usambara wapandao pilipili manga ikapanda juu ya migrivelea, na iliki chini yake, hata kipande kimoja cha ardhi kikawa na mavuno mawili na mbao juu. Nimeyaona mashamba hayo. Si mazuri kama msitu, lakini ni ya mwenyewe, na hapana mtu atakayekuja kuyahesabu mashina yake ili amtoe.

Kama ni mteremko mkali, mistari ya iliki ifuate ubavu wa mlima, isishuke moja kwa moja kuelekea bondeni. Na magogo na matawi yaliyokatwa yalazwe kati ya mistari ili yazuie udongo. Mashimo yawe ya futi 2 kila upande na futi 1 kwenda chini, kwa umbali wa futi 8 hivi. Yachimbwe kabla ya mvua, yajazwe udongo wa juu uliochanganywa na majani yaliyooza, yajae hata yapite usawa wa ardhi kidogo, maana yatashuka. Machipukizi yachukuliwe katika mashina yenye afya yanayozaa sana, kila kipande kiwe na shina moja la zamani na chipukizi moja jipya.

Na hapa nalirudia lile la mizizi. Msizike shina chini sana. Kwa kuwa mizizi hukaa juu, shina lililozikwa chini huchelewa kuchipua au huoza. Lilazeni, lifunikeni kwa udongo mwepesi usiozidi vidole viwili, mlishindilie kidogo kwa mguu, na kulifungia kijiti lisitikiswe na upepo. Kwa sababu hiyo hiyo jembe lisikaribie shina. Magugu yaliyo karibu yang'olewe kwa mkono, yaliyo mbali yafyekwe kwa panga, na yote yaachwe hapo hapo yaoze. Mtu apitishaye jembe kila mwezi kando ya iliki yake ili shamba lionekane safi, akata midomo ya mimea yake kila mwezi.

Pandeni masika yakianza, si katikati yake. Na ikiwezekana siku ya mawingu, jioni. Mkiwa bado hamjachimba lile shimo la futi 2 na kumimina debe mbili za maji, ngojeni mwaka mwingine.